Shangazi, kontena ni la vyombo au la ndege?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi. Huwa nasoma shida za wenzangu nacheka, leo zamu imenifikia.

Ni mhandisi wa migodi, naishi Mbezi Beach na mke wangu na watoto wawili. Kampuni inanihamishia Perth, Australia, kwa mkataba wa miaka mitatu, na tunataka tuwe tumefika kabla shule za huko hazijafungua mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari. Tiketi, nyumba ya kuanzia na kontena moja la futi 40 la vyombo ni juu yao.

Sasa, Shangazi, nina ndege. Usishtuke, si ya kitajiri. Ni Cessna 172 ya mwaka 1978, injini moja, viti vinne. Tuliinunua nusu kwa nusu na rafiki yangu daktari kutoka kwa kampuni ya utalii iliyokuwa inapunguza ndege zake. Inalala uwanja wa Julius Nyerere, upande wa Terminal One, na Jumamosi tunakwenda Mafia au Saadani kupunga upepo. Ndiyo starehe yangu pekee. Sinywi, na mpira naangalia nyumbani.

Nimefanya hesabu. Kontena lina urefu wa ndani wa mita 12 na ushee, ndege ina mita 8 na ushee. Mabawa yanafunguliwa, yanasimamishwa ukutani. Zinabaki mita tatu na zaidi, humo tunapanga vyombo muhimu, vingine tutanunua huko. Nilipomweleza mke wangu alinyamaza, akaendelea kukunja nguo, kisha akasema, "Basi hiyo ndege ndiyo ikakupikie." Yeye alishapanga kubeba cherehani zake mbili za kazi na kabati la mninga aliloachiwa na marehemu mama yake. Tangu siku hiyo naongea na watoto zaidi kuliko naye.

Rafiki yangu naye amenuna. Anasema kama naibeba nimlipe nusu yake kwanza, taslimu. Wakala mmoja wa mizigo kaniambia nisijisumbue, tuandike "vyombo vya nyumbani" kwenye karatasi, nani atafungua. Na jamaa mmoja pale uwanjani anasema wapo marubani wa kulipwa wanaorusha ndege ndogo kama hizi kuvuka bahari, kwa hiyo niachane na kontena kabisa.

Niibebe? Na kama naibeba, kwa njia ipi? Nisaidie pia na mama watoto.

Rubani wa Jumamosi, Mbezi Beach

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa kazi.

Nianze na huyo wakala, maana kati ya wote uliowataja yeye ndiye wa hatari. Nimeklia mizigo Bandari ya Dar es Salaam mpaka nikastaafu, na watu wa "nani atafungua" nawajua kwa sura na kwa harufu ya manukato yao. Kontena likipita kwenye skana, bodi ya ndege inaonekana wazi ilivyo, hakuna ofisa atakayeidhania sofa. Ikiponea hapa, kuna watu wa forodha wa Australia, ambao hawana haraka hata kidogo. Ukiandika masufuria wakakuta ndege, umetoa tamko la uongo katika nchi mbili, nawe umeingia huko kwa viza iliyobebwa na jina la mwajiri wako. Bima nayo inafia palepale, kwa sababu kampuni ya bima ilikubali kulipia mzigo ulioandikwa. Mkimbie huyo mtu, na namba yake uifute.

Pili, toa mkataba wako wa kuhama usome ukurasa wa vitu visivyobebwa. Mikataba ya aina hii mara nyingi inataja magari, boti na ndege kwa majina. Hata kama wako hautaji, waandikie watu wa utumishi barua pepe uwaulize, wakujibu kwa maandishi. Mwajiri alijitolea kuhamisha nyumba yako. Asije kusikia habari za ndege kwa mara ya kwanza siku kontena limezuiliwa Fremantle, bandari ya Perth, na gharama za kulilaza bandarini zinahesabiwa kila siku.

Sasa swali lenyewe. Usiibebe.

Nimesema haraka, lakini sikukurupuka. Mambo ya bandari nayajua mwenyewe. Ya ndege nimemuuliza fundi mwenye leseni, mtu wa hapohapo Terminal One, na alichonieleza ndicho kilichonimaliza. Cessna walisimamisha kutengeneza 172 mwaka 1986, wakaanza tena 1996. Ya kwako ni ya kundi la zamani, na kwa kundi hilo kiwanda kilitoa mwongozo wa ukaguzi wa ziada wa mifupa ya ndege, ambao mafundi wanauita SIDs. Marekani, mwenye ndege binafsi halazimishwi kuufuata. Australia, mamlaka yao ya anga, CASA, imeufanya lazima hata kwa ndege za starehe.

Ukaguzi huo haufanani na ule wa mwaka uliouzoea. Fundi anatoa viti, zulia, vifuniko vya sakafu na bitana ya kabini. Anaingia na taa na kioo mahali bawa linapokamata kabini na nguzo ya bawa inapokamata chini, anatafuta nyufa na kutu. Kutu ya alumini haiji nyekundu kama ya bati. Inakuja unga mweupe, unaweza kudhani ni vumbi la chaki. Ndege yako imeishi Dar na kabla ya hapo ilibeba watalii sijui wapi, na kila Jumamosi mnaipeleka Mafia ikapate chumvi zaidi. Unga huo upo mahali fulani humo ndani. Swali ni upo kiasi gani, na ni nani atakayeuona kwanza: fundi wako hapa, au fundi wa Perth anayelipwa kwa saa kwa dola. Wapo Waaustralia walioamua kuziuza Cessna za umri huo kama vipuri kwa sababu bili ya ukaguzi ingezidi bei ya ndege. Wewe unataka uvuke bahari ukapange foleni nyuma yao.

Kwa hiyo, uibebe au usiibebe, kazi ya kwanza ni kumlipa fundi aifungue hapahapa. Utajua una mali au una kumbukumbu.

Turudi kwenye ile hesabu yako ya mita tatu. Ulipima urefu peke yake. Kontena la futi 40 lina upana wa ndani wa mita 2.35. Magurudumu ya nyuma ya 172 yamepanuka kuliko mlango wa kontena, kwa hiyo miguu inang'olewa na bodi inakaa juu ya kitanda cha mbao au chuma. Usukani wa mkia uliosimama unafikisha ndege mita 2.7 hivi ikiwa juu ya magurudumu, nao unafunguliwa. Bawa dogo la mkia lina mita 3.4 kutoka ncha hadi ncha na ni kipande kimoja, haligawanyiki. Unadhani litakaa wapi? Kwenye hizo mita tatu za mkeo. Likiongezewa propela, miguu, vifuniko vya magurudumu na masanduku ya skrubu, cherehani itabebwa mapajani.

Na hata ingebaki nafasi, mimi nisingepanga kabati la mninga nyuma ya ndege. Meli inayumba wiki kwa wiki. Makontena ya Dar kwenda Australia mara nyingi hubadilishiwa meli njiani, maana yake kunyanyuliwa na kutuliwa zaidi ya mara moja. Kamba moja ikilegea, kabati la marehemu mama mkwe litaingia ndani ya bawa, na hapo utakuwa umeharibu vitu viwili kwa pigo moja na ndoa ikiwa ya tatu.

Hicho kitanda cha mbao nacho usikimbilie Keko kwa fundi wa makochi ukamwambia akugongee. Mbao za kufungia mzigo zinazovuka mipaka lazima ziwe zimetibiwa, kwa kawaida kwa kupashwa joto nyuzi 56 mpaka kiini kwa dakika 30 mfululizo, na kupigwa muhuri wa ISPM 15, kanuni ya kimataifa ya mbao hizo. Australia hawana mzaha na wadudu wala udongo. Tope lililoganda chini ya bodi tangu Saadani, mbegu za nyasi kwenye breki, kiota cha nyigu ndani ya bawa, vyote ni sababu ya kufungua kontena na kukutoza usafishaji. Na nyigu wanawajua vizuri: mwaka 2013 Airbus A330 ya Etihad ililazimika kurudi Brisbane muda mfupi baada ya kuruka, kwa sababu nyigu alikuwa amejenga ndani ya mrija wa kupimia mwendo. Mwambie mama watoto pia kwamba kabati la mninga nalo litakaguliwa wadudu wa mbao. Lipigwe brashi, lipanguswe ndani ya droo, liandikwe kwa jina lake kwenye orodha.

Kuna unyevu vilevile. Kontena linalofungwa Dar na joto lake, likaingia bahari ya baridi, linatoka jasho kwa ndani. Matone yanashuka kutoka darini. Injini ya Lycoming kama yako ina shafti ya kemu juu, mafuta yakishashuka inabaki kavu, na hapo ndipo kutu inapoanzia. Anayesafirisha vizuri anabadilisha mafuta ya injini na kuweka ya kuhifadhia, anaziba plagi kwa vizibo vya kunyonya unyevu, anafunga mdomo wa ekzosi, anamwaga petroli yote na kukausha matangi, betri anaitoa na kuitangaza kama mzigo wa hatari.

Ikifika lazima iunganishwe upya. Pale sehemu ya nyuma ya bawa inapokamata kabini kuna bushi za kuzungusha ambazo ndizo zinazopanga pembe ya bawa. Zisipowekewa alama ya rangi kabla ya kufunguliwa, ndege itaruka imeinamia upande mmoja, na kuirekebisha ni kazi ya kurusha, kutua, kuzungusha kidogo, kurusha tena. Waya za usukani zinakazwa kwa kipimo, kisha mtu wa pili mwenye mamlaka anakagua kazi ya wa kwanza. Yote hayo kwa bei ya Perth.

Bima ya baharini nitaisema kwa kifupi kwa sababu watu hawaiamini mpaka yawakute. Meli ikipata ajali, mwenye meli anaweza kutangaza hasara ya pamoja, na kila mwenye mzigo akachangia gharama za uokoaji hata kama mzigo wake haukuguswa. Ever Given iliyoziba mfereji wa Suez mwaka 2021 ilifanya hivyo hivyo. Asiye na bima anawekewa mzigo rehani mpaka atoe dhamana. Hii inahusu hata kontena la masufuria, kwa hiyo muulize mwajiri bima ya vyombo vyenu ni ya aina gani.

Huyo jamaa wa kurusha hakudanganya, marubani wa aina hiyo wapo na ni kazi yao halali. Lakini chukua ramani. Kutoka Dar hadi Perth kwa mstari ulionyooka ni zaidi ya kilomita 8,000, karibu yote maji. Ndege yako ikijazwa matangi yake ya kawaida haifiki kilomita 1,300. Kwa hiyo ni kuzunguka: juu mpaka Uarabuni, India, Asia ya Kusini-Mashariki, Indonesia, kisha Darwin na kushuka. Viti vinatolewa, matangi ya ziada yanafungwa ndani ya kabini, inatafutwa ruhusa maalumu ya kuruka na uzito uliopita kiasi, ruhusa ya kila nchi, na avgasi, yaani petroli ya ndege ndogo, katika viwanja ambavyo vingi vina mafuta ya jeti tu. Hayo yote kwa injini moja ya ndege ya 1978. Mtu aliyenunua ndege mpya kiwandani anaweza kuona ina maana. Wewe hapana.

Karatasi nazo zingekuchosha. Mkataba wa Chicago wa 1944 unakataza ndege kusajiliwa nchi mbili kwa wakati mmoja, hivyo TCAA, mamlaka yetu ya anga, waifute kwanza kwenye daftari la 5H, alama ya ndege za Tanzania, na watoe cheti cha kuuzwa nje, ndipo CASA waanze kuifikiria VH, alama ya Australia. TRA nao watataka kujua iliingiaje nchini, hasa kama ile kampuni ya utalii iliiingiza kwa msamaha wa kodi. Huko ng'ambo kuna GST, kodi yao ya bidhaa na huduma, ya asilimia 10 kwa kinachoingia. Na baada ya miaka mitatu, mkataba ukiisha, ufanye yote kinyumenyume? Ungekuwa unahamia moja kwa moja, na ndege ni ya mwaka 2005, ningekuandikia barua nyingine.

Sasa rafiki yako daktari. Huyu ndiye suluhisho lako na umemgeuza mdai. Alinunua nusu kwa sababu anataka kuruka Jumamosi, na hilo bado analitaka. Una njia mbili naye. Ya kwanza, mwuzie nusu yako, au mtafute pamoja mtu wa tatu wa kuinunua, mpeleke mabadiliko ya umiliki TCAA, umalize. Ya pili, ubaki mwenye nusu na yeye aendelee kuirusha. Ukiniuliza mimi, nachukua ya kwanza kama fundi amekuta unga mweupe mwingi, na ya pili kama bodi ni safi. Lakini ya pili bila karatasi ni ugomvi uliowekewa tarehe. Andikeni nani analipa maegesho, bima na ukaguzi wa mwaka, nani mwingine anaruhusiwa kuirusha, ikianguka pesa ya bima inagawanywaje, na mmoja akitaka kutoka bei inapangwa na nani. Majina ya marubani yaende kwa bima.

Asije akakuambia anaiwasha chini dakika kumi kila wiki inatosha. Mafuta hayapati moto wa kukausha unyevu, unakuwa unaongeza maji ndani ya injini. Iruke hasa, na si mara moja kwa msimu.

Vitabu vya ndege, yaani kumbukumbu za injini, propela na bodi tangu 1978, vikae mahali salama na nakala yake ibaki kwako. Ndege iliyopoteza vitabu vyake haina bei hata kama inang'aa. Hata siku mkiiuza, mnunuzi ataanza na hivyo kabla hajaitazama ndege.

Na starehe yako haifi. Kusini mwa Perth kuna uwanja unaitwa Jandakot, umejaa ndege ndogo, wana klabu ya zamani ya Royal Aero Club of Western Australia na shule za urubani. 172 za kukodi kwa saa zipo. Unalipia saa ulizoruka, kutu ni yao. Ukipenda baadaye, nunua sehemu ya ndege ambayo tayari ina VH na ukaguzi umeshafanywa, kwa pesa ya nusu yako ya hapa.

Kwa mama watoto, usimwendee na maelezo ya bushi na mita. Mwambie kontena ni lake, apange yeye, na wewe utabeba masanduku. Halafu mwulize anataka kufanya nini na hizo cherehani Perth. Naona katika barua yako yote umenieleza nani anataka kubeba nini, ila hukuandika kama anaitaka hii safari, wala ameacha kazi gani ili akufuate. Mtu anayebeba cherehani mbili za kazi ana mpango kichwani. Ukishausikia, mwambie kwamba Jandakot utakwenda Jumamosi moja moja, na mkubaliane bei ya hizo Jumamosi kabla hamjaondoka.

Moja la mwisho, la haraka. Leseni yako ya TCAA haitoshi kurusha ndege ya VH. Utahitaji uthibitisho wa muda kutoka CASA au leseni yao, pamoja na vipimo vya afya na kuchunguzwa historia yako ya usalama. CASA watataka kuhakikisha leseni yako na TCAA moja kwa moja, na watataka kitabu chako cha saa za kuruka. Anza kuomba ukiwa bado Dar, unaweza kwenda dirishani TCAA mwenyewe. Ukishafika Perth, ofisi za hapa zinafungua saa mbili asubuhi wakati huko ni saa saba mchana na wewe uko mgodini.

Shangazi